Haki ya Mkono wa Mtoto katika Ilimu

Shukrani zote ni zake Mwenyiezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio ya kusikia, na macho ya kuona, na mikono ya kutenda. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: liko suala moja ambalo wazee wa pwani hulizungumza barazani kila mwaka skuli zinapofunguliwa, wala halijapata jawabu ya kuwatosha. Nalo ni hili: mtoto anapochora, anapochonga kijingalawa, anapofinyanga udongo, anapochutama ufukoni kuwatazama kaa wakitoka mashimoni mwao, je, yumo katika kutafuta ilimu, au yumo katika kupoteza wakati ambao baba yake ataulizwa juu yake Siku ya Kiyama?

Suala hili limepata nguvu zaidi tangu mwaka 2019, ulipoanza kutumika Kenya nzima mtaala mpya unaotaka mtoto atende na atengeneze vitu kwa mikono yake, asiwe wa kusikiliza na kukariri tu. Na Tanzania nayo, tangu mwaka 2024, imeyaingiza masomo ya amali katika skuli za sekondari. Basi mtoto hurudi nyumbani akitaka vifuu, na makuti, na gundi, na karatasi za rangi. Na baba hukunja uso akasema kwamba amempeleka mwanawe akasome, hakumpeleka akacheze.

Neno la baba huyu si la kudharauliwa, kwani lina khofu ya kweli ndani yake. Yeye ni mtu wa kipato kidogo. Ada ya skuli ameitoa kwa jasho, na ya chuoni ameitoa vilevile. Anajua yakuwa utoto haurudi, na kwamba mtoto aliyeikosa ilimu katika umri wa miaka 7 hata 14 huipata kwa tabu kubwa akiwa mtu mzima, au haipati kabisa. Kwa hivyo akiona saa nzima imekwenda katika kukata makuti, moyo humwuma. Lakini khofu ya kweli yaweza kujengwa juu ya dhana isiyokuwa kweli; na dhana iliyo chini ya khofu hii ni kwamba ilimu ni maneno tu, yaingiayo kwa sikio na kutoka kwa ulimi, na kwamba mkono hauna fungu lake ndani yake. Basi na ipimwe dhana hiyo kwa mizani ya dini kwanza, kisha kwa maneno ya maulamaa, kisha kwa yale yanayoonekana pwani kila siku.

Katika Sura ya Al-Maida imetajwa khabari ya wana wawili wa Nabii Adam. Mmoja alipomuua mwenzake, hakujua la kuufanyia mwili. Mwenyiezi Mungu hakumteremshia maneno ya kumfundisha, bali alimpeleka kunguru akafukua ardhi mbele yake. Na mtu yule akaona, akajua, akajuta kwa kuwa ndege amemshinda maarifa. Kwa hivyo jambo hili kubwa la kumsitiri maiti, ambalo leo ni faradhi juu ya Waislamu, mwanadamu alilipata kwa kumtazama ndege akifanya kazi.

Na katika Sura ya Al-Baqara, Nabii Ibrahim, naye ni Khalili wa Mwenyiezi Mungu, aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyofufuliwa. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kwamba anaamini, illa ataka moyo wake upate utulivu. Hakukaripiwa kwa kutaka kuona. Aliamrishwa awatwae ndege wanne, na kila jabali aliweke fungu lao, kisha awaite waje kwake. Ikiwa Nabii aliyekwisha kuamini alipewa ruhusa ya kuona na kutenda ili moyo wake utulie, mtoto ambaye bado hajajua lolote atanyimwaje?

Na mwendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ulikuwa huohuo. Sala, ambayo ndiyo nguzo ya dini, aliwaamrisha watu waisali kama walivyomwona yeye akisali. Yaani macho yao yaliwekwa kuwa njia ya kuijua. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Ibn Masud, yakuwa siku moja alipotaka kuwafahamisha watu khabari ya mwanadamu na ajali yake na matumaini yake, alichora umbo la pembe nne, na ndani yake mstari mmoja uliotokeza nje, na vistari vidogo ubavuni mwake. Umbo lile ni ajali imzungukayo mtu pande zote, na mstari uliotokeza ni matumaini yake yanayoivuka ajali. Basi Mtume alifundisha kwa kuchora, na waliokuwapo walifahamu kwa kutazama.

Tena imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kwa Abu Said al-Khudri, yakuwa Mtume alimpita kijana akichuna mnyama, naye hajui kuchuna vizuri. Hakumkemea, wala hakumpa maneno akaenda zake. Alimwambia asogee ili amwonyeshe, akautia mkono wake baina ya ngozi na nyama mpaka ukazama hata kwapani, kisha akaenda kuwasalisha watu. Anayeitafakari khabari hii ataona yakuwa kiongozi wa umma, akiwa njiani kwenda katika ibada, alisimama akamfundisha kijana kazi ya mkono kwa mkono wake mwenyewe. Ama leo, baba mangapi wanasimama namna hiyo?

Na maulamaa waliofuata waliyaona haya wakayaandika. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema, ili apumzike na tabu ya masomo. Na kwamba anayemzuilia mchezo daima na kumlemeza kwa masomo huuua moyo wake, na huzima wepesi wa fahamu yake, hata mtoto akatafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Haya si maneno ya mtu aliyeidharau ilimu. Ni maneno ya yule ambaye umma ulimpa lakabu ya Hoja ya Uislamu.

Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, ametaja mambo mawili yanayohusu suala hili. La kwanza ni kwamba ukali juu ya wanafunzi, khasa walio wadogo, huwadhuru: huwatia uvivu, na huwafundisha uwongo na hila, kwa kuwa mtoto hudhihirisha asiyonayo moyoni ili aepuke mkono wa mwalimu. La pili ni kwamba ustadi hauingii katika nafsi illa kwa kutenda na kurudia kutenda, na kwamba kitu kilichoonwa kwa macho hupokewa kwa utimilifu kuliko kitu kilichosikiwa kwa khabari. Basi anayetaka mwanawe awe na ilimu iliyo imara, na atafute njia ya kumtendesha, si ya kumsikilizisha tu.

Na kabla ya Ibn Khaldun, Ibn Tufayl, aliyekuwa tabibu na mwanafalsafa wa Andalus, akafariki Marrakesh mwaka 1185, alitunga kisa cha mtoto aitwaye Hayy bin Yaqdhan, aliyekulia peke yake kisiwani akinyonyeshwa na paa. Paa yule alipokufa, mtoto alimpasua kifua atafute kitu gani kilichomtoka. Kisha akajua khabari ya moto, na ya wanyama, na ya miti, na ya nyota, hata mwisho akamjua Muumba wake kwa kuvitazama viumbe vyake. Kisa hiki ni cha kubuni, lakini maana yake iliwashughulisha watu wengi. Mwaka 1671 kilipigwa chapa Uingereza kwa tafsiri ya Kilatini. Maana hiyo ni kwamba dunia nayo ni kitabu kilichofunguliwa, na kwamba mtoto akikisoma kwa macho na mikono yake huweza kufika mbali.

Lakini hapana haja ya kwenda kisiwa cha kubuni, kwani mtoto wa pwani amezaliwa na kitabu hicho mlangoni pake. Na atazamwe mtoto wa Nungwi au wa Matondoni atengenezaye ngalawa ya mchezo. Anachonga kipande cha mti mwepesi, anasimamisha mlingoti, anakata tanga kwa kitambaa kikuukuu au kwa mfuko wa plastiki, anafunga vijiti viwili vya kando viizuie isipinduke. Akiitia majini mara ya kwanza, hulala ubavu. Huenda akaurudisha mlingoti nyuma kidogo, akalipunguza tanga, akaongeza uzito chini. Hakuna aliyemwambia neno "mizani" wala neno "nguvu ya upepo". Lakini ameyashika mambo hayo kwa vidole vyake, na siku mwalimu wa skuli atakapomtajia majina yake, yatakuta mahali pa kukaa. Ama mtoto aliyepewa majina bila ya vitu, majina hayo hukaa juu ya ulimi wake kama vumbi juu ya mkeka, na mtihani ukipita hupeperuka.

Na atazamwe mwingine, ambaye baba yake amemchomekea kijiti ufukoni na kumpa daftari. Kila siku anaandika saa maji yanapojaa. Baada ya siku tatu anagundua yakuwa maji hayatimii saa ileile, bali huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Baada ya siku 15 hivi anaona saa ya kujaa imerudi karibu na ilipoanzia. Akiitazama mbingu usiku, anaona kwamba maji ya bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Na akipima kwa kamba, anajua kwamba wakati wa bamvua, Mombasa na Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Hesabu, na khabari ya mwezi, na subira, na uandishi, vyote amevipata kwa kijiti kimoja. Tena amepata jambo lililo kubwa kuliko hayo: ameona kwa macho yake kwamba mwezi na bahari vyaenda kwa hesabu, na kwamba hesabu hiyo haikuwekwa na mwanadamu.

Na akipelekwa kwenye mikoko, ataona mbegu ya mkoko ikichipua ingali inaning'inia juu ya mti wake, na kuanguka matopeni ikiwa tayari ni mche. Akiuotesha mmoja kwa mkono wake, na akaurudia mwezi hata mwezi, atajua kwa nini wazee walikataza kuukata mkoko ovyo. Kwani ameona muda uingiao katika boriti moja ya dari. Mtoto aliyeambiwa "usikate" hutii mbele ya mwenye kumwambia. Aliyeotesha hutii hata akiwa peke yake.

Ama khabari ya kuchora, hapa wengi husita, na kusita kwao kuna asili katika sharia, kwa kuwa zimepokewa hadithi kali juu ya wenye kutengeneza sura za vitu vyenye roho. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imepokewa vilevile yakuwa mtu mmoja, ambaye maisha yake yalitegemea kazi ya mikono yake ya kutengeneza sura, alimwendea Ibn Abbas kutaka fatwa, naye Ibn Abbas baada ya kumwonya alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Basi mlango haukufungwa, umeonyeshwa ulipo. Na imethubutu yakuwa Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea, wala Mtume hakuwaondoa. Na katika Sunan ya Abu Dawud imetajwa yakuwa miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa, na Mtume alipomwona akamwuliza, na alipojibiwa kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, alicheka. Kwa hivyo mchezo wa mtoto wenye mawazo yaliyopaa ulimpendeza Mtume, haukumuudhi.

Na ndani ya mlango ule uliobaki wazi, Waislamu walipata fani isiyokuwa na mwisho. Mtoto apewe bikari achore duara. Kisha, bila ya kubadilisha upana wa bikari, auweke mguu wake juu ya mzingo wa duara na kuupiga alama mpaka auzunguke: ataona kwamba alama zimetimia 6 barabara, hakuna kilichopungua wala kilichozidi. Akiziunga alama hizo kwa vipande vya duara, atapata ua la majani 6, ambalo ndilo asili ya nakshi nyingi zilizopambia milango, na misahafu, na kuta za misikiti. Mtoto huyu ameingia katika ilimu ya maumbo kwa mlango wa uzuri, na akipita tena mbele ya mlango wa kale wa Lamu au wa Unguja hatapita kama kipofu.

Na vitabu navyo vina haki ya kushikwa kwa mikono. Zamani mtoto wa chuoni alikuwa na ubao na kalamu ya mwanzi na wino. Herufi aliiandika kabla ya kuijua vizuri, na mkono wake ukawa shahidi wa macho yake. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na watu walioandika misahafu kwa khati nzuri katika karne ya 18 na ya 19, na misahafu hiyo, kwa wino wake mweusi na mwekundu, ingali inatazamwa kwa mastaajabu. Watu hao hawakuzaliwa mafundi. Walikuwa watoto waliopewa kalamu. Na leo pia, karatasi moja kubwa ikikunjwa mara 3 na kukatwa hutoa kurasa 16, na mtoto akizishona kwa sindano na uzi amepata kitabu chake mwenyewe. Na aandike humo majina ya samaki alioyasikia kwa babu yake, au majina ya pepo na majira yake, au kisa alichosimuliwa na bibi yake. Aliyekwisha kutengeneza kitabu kimoja haogopi vitabu tena, kwani amejua kwamba kila kitabu kilitoka katika mkono wa mtu.

Baada ya haya yote, mtu ataweza kuuliza: ikiwa dini imeuheshimu mkono, na maulamaa wameusemea, na pwani yenyewe imejaa vya kushika, kwa nini baba hukunja uso? Jawabu ya kweli ni chungu, lakini ni wajibu isemwe. Sababu iliyo kubwa si dini, wala si umasikini. Ni dharau ya kazi ya mkono, ambayo baadhi ya watu wa pwani waliirithi katika zama za utumwa. Katika majumba mengi makubwa ya wakati ule, kulima na kubeba na kupika na kujenga vilikuwa mafungu ya watumwa, na muungwana alijulikana kwa ulaini wa viganja vyake. Hukumu ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini dharau haikufutwa pamoja nayo. Ilibaki majumbani kama harufu katika sanduku lililokwisha kuondolewa nguo. Ndiyo maana baba humwona mwanawe ana udongo mikononi akaona haya mbele ya jirani, naye haoni haya mtoto huyohuyo akikaa saa tatu ameinamia simu bila ya kujifunza lolote, kwa sababu mikono yake ni misafi.

Na dharau hii haina nguzo ya kuisimamisha. Nabii Nuh alijenga safina kwa mikono yake, huku wakubwa wa kaumu yake wakipita na kumcheka. Nabii Dawud alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, akaamrishwa apime vizuri viungo vyake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Na Mtume ametueleza sote kwamba chakula bora alacho mtu ni kile kitokacho katika kazi ya mkono wake. Je, yuko muungwana aliye mbora kuliko hawa?

Na khasara ya dharau hii imekwisha kuonekana. Katika visiwa vya Lamu watu walikuwa wakiunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Kabla ya kutimia nusu ya karne ya 20, uundaji wake ulikuwa umekoma. Mwaka 2003 ulijengwa Unguja mtepe mmoja kwa kufuata mfano wa ile ya kale, ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Na sehemu ya jumba hilo nayo ilianguka mwezi wa Disemba 2020. Hapana budi kuwashukuru waliofanya jitihada ile. Lakini jambo lenyewe linafundisha kwamba ilimu ya mkono haihifadhiwi kwa kuwekwa ndani ya jumba. Hukaa katika mkono wa mkubwa, na hupokewa na mkono wa mdogo; na kizazi kimoja kikikataa kunyosha mkono, mnyororo wa mamia ya miaka hukatika.

Yamebakia maneno mawili ya wenye kupinga, na haki ni kuyajibu.

La kwanza ni kwamba kuhifadhi Kurani kunataka wakati, na saa atakayopewa kalamu ya rangi ni saa itakayotoka katika hifdhi. Neno hili lina ukweli, wala halifai kufunikwa. Saa za siku zina idadi, na huenda mtoto apewaye nafasi ya kutenda akahifadhi mwaka huu kurasa chache kuliko mwenzake. Wala hapana asemaye kwamba hifdhi iachwe. Ni hazina ambayo umma huu umepewa, na kumbukumbu ya mtoto ni ardhi iliyo tayari kwa mbegu hiyo. Lakini na yatazamwe mambo mawili. Kwanza, saa nyingi zinazopotea hazikuchukuliwa na ubunifu, bali zimechukuliwa na uchovu: mtoto aliyekalishwa tangu alfajiri mpaka magharibi, mdomo ukisoma na moyo umelala. Pili, Kurani yenyewe, mara kwa mara, inamwamrisha mtu atazame: ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Mtoto aliyehifadhi amri ya kutazama, na asipewe ruhusa ya kutazama, ameichukua amri bila ya kuitekeleza.

La pili ni la masikini: kwamba mambo haya ni ya watoto wa matajiri, wenye rangi na vifaa vya dukani. Huyu naye ana haki ya kulalamika pale mwalimu anapoagiza vitu vya kununuliwa kila juma, na mwalimu mwenye hekima hafanyi hivyo. Lakini kifuu hakinunuliwi, wala mchanga, wala makuti, wala makaa ya kuchorea ukutani. Kijiti cha kupimia maji hakina bei. Kinachotakiwa kwa masikini na kwa tajiri ni kimoja, nacho ni kigumu kuliko fedha: ni robo saa ya baba mwenyewe, akae chini na mwanawe. Katika hadithi mashuhuri ya Anas, Mtume alikuwa akiingia nyumbani kwao na kumwuliza ndugu yake mdogo, Abu Umayr, khabari za kindege chake. Kulikuwa na mambo ya dola, na mambo ya wahyi, na mambo ya umma mzima. Na bado palikuwa na nafasi ya kindege cha mtoto. Baba asemaye kwamba hana wakati, na ajipime kwa hilo.

Tena isidhaniwe kwamba kila achezalo mtoto ni ilimu, wala kwamba mkono ukiachiwa peke yake hufika. Ngalawa ya mchezo humfundisha zaidi yule ambaye yuko mkubwa wa kumwuliza, "Kwa nini imelala upande huu?" kisha akanyamaza amngojee afikiri. Mkono bila ya neno huwa kazi ya mazoea, na neno bila ya mkono huwa sauti tupu. Vikikutana, ndipo huzaliwa fahamu. Na watoto si sawa: yuko ambaye kitabu kinamtosha, na yuko ambaye hatafahamu mpaka ashike. Kumhukumu wa pili kuwa mjinga kwa sababu hakufahamu kwa njia ya wa kwanza ni dhuluma, na mtoto aliyedhulumiwa hivyo huamini hukumu ile, akaishi nayo umri wake wote.

Basi jawabu ya suala la barazani ni hii. Baba ataulizwa juu ya wakati wa mwanawe, na ni kweli. Lakini ataulizwa vilevile juu ya macho aliyopewa mtoto yule, na mikono aliyopewa, na moyo wake wa kustaajabu: je, alivilea, au alivifunga? Mtoto ni amana, na amana hairudishwi nusu. Anayemfundisha mwanawe kwa sikio peke yake, na kuuacha mkono wake ukauke, amerudisha baadhi ya amana na kuzuia baadhi.

Na aanze mtu kwa lililo dogo. Juma hili maji yatapwa kama kawaida yake. Na amshike mwanawe mkono, ateremke naye ufukoni kabla jua halijawa kali, amwache aokote, aulize, achore mchangani, wala asimkaripie kwa matope ya nguoni. Nguo itafuliwa jioni, na alichokiona mtoto kitakaa.

Mwenyiezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha, naye ndiye mjuzi zaidi.